Sarafu ya fedha iliyochakaa: kutambua chanzo cha kila dalili kabla ya kutaja bei

Sarafu za fedha zinazotoka katika masanduku ya urithi na mikufu ya zamani ya pwani ya Afrika Mashariki ni za aina chache, na aina ndiyo inayoamua maana ya kila mchubuko utakaouona juu yake. Kuna reale ya Maria Theresa, ambayo wazee waliiita reale ya Sham. Kuna rupia ya India ya enzi ya Waingereza, na pamoja nayo rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, na rupia za Wajerumani zilizoanza mwaka 1890. Mwisho kuna florini ya mwaka 1920 na shilingi za Afrika Mashariki zilizoifuata kuanzia 1921. Mwenye sarafu mara nyingi huanza kwa kuuliza bei, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa hili: ni nini kilichoifanya sarafu hii iwe katika hali hii? Kuchakaa mkononi mwa watu, kutobolewa kwa ajili ya mkufu, kusuguliwa kwa majivu na kuigizwa kwa kalibu ni mambo manne tofauti, na yanaweza kuacha sura zinazofanana kwa jicho la haraka.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mizani ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, kioo cha kukuzia, sumaku yenye nguvu, glasi ya maji na uzi mwembamba. Tindikali ya kupimia fedha haihitajiki katika hatua hii, na ni vyema ibaki kwa sonara, kwa sababu huacha doa ambalo mkusanyaji ataliona mara moja.

Uzito haulingani na sura

Hii ndiyo dalili yenye habari nyingi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Reale ya Maria Theresa ilifuliwa ikiwa na gramu 28.07, na kiasi cha fedha ndani yake ni sehemu 833 katika 1,000. Rupia ya India, ya Mombasa na ya Wajerumani zote zina gramu 11.66, ambazo ni tola moja, kipimo cha uzito cha Kihindi, na fedha yake ni sehemu 917 katika 1,000. Florini ya 1920 nayo ina gramu 11.66, lakini nusu yake tu ndiyo fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78, na robo yake tu ndiyo fedha.

Sarafu inayotumika hupoteza uzito, lakini huupoteza pamoja na sura. Rupia iliyopoteza robo ya gramu itakuwa imelainika kwenye nywele na taji la mtawala, na iliyopoteza nusu gramu itakuwa imebaki na kivuli cha uso pamoja na maandishi yaliyoanza kuungana na ukingo. Kwa hiyo ukikuta rupia yenye kila unywele unaoonekana lakini mizani inasema gramu 10.9, usitafute maelezo katika uchakavu, kwa kuwa uchakavu hauchagui kula metali ya ndani na kuiacha sura. Sababu zinazobaki ni tatu: ukingo umepigwa tupa, metali si fedha ya kiwango hicho, au sarafu ni ya kuigizwa. Kinyume chake pia kinatia shaka. Sarafu ambayo uso wake umefutika kabisa lakini uzito umetimia mara nyingi imetoka katika kalibu iliyochukuliwa kutoka sarafu chakavu, au imeongezwa lehemu mahali fulani.

Kutenganisha sababu hizo, ipime ndani ya maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Rupia nzuri yenye gramu 11.66 itasoma takribani 1.13 ndani ya maji, na jibu la mgawanyo litakuwa karibu na 10.3. Reale itasoma takribani 2.75, na jibu litakuwa karibu na 10.2. Florini ya 1920, yenye uzito uleule wa rupia, itasoma takribani 1.21, na jibu litashuka hadi 9.7 hivi. Shilingi ya robo fedha iko karibu na 9.3, na ya shaba na nikeli karibu na 8.9. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba uchakavu haukiathiri, kwani rupia iliyobaki na gramu 11.2 bado itatoa 10.3. Tundu nalo halikiathiri. Kinachokiharibu ni viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye maandishi, uchafu mzito, na lehemu, kwa hiyo chovya sarafu, itikise kidogo, na urudie mpaka upate namba ileile mara mbili mfululizo.

Jibu likiwa 10.3 na uzito ukiwa pungufu, tazama ukingo. Meno ya ukingoni mwa rupia huwa membamba na yenye nafasi sawa kuzunguka sarafu nzima, na mahali palipopita tupa meno hukatika ghafla au sarafu huacha kuwa duara kamili. Reale haina meno. Ukingoni ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka pamoja na mapambo kati yake. Reale isiyo na maneno hayo hata kwa mabaki, huku uso ukiwa bado mzuri, ni ya kuigizwa au imekwanguliwa, na kwa vyovyote vile bei yake imeshuka. Mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo ni alama ya nusu mbili za kalibu zilipokutana. Vishimo vidogo vya mviringo usoni, hasa kwenye sehemu tambarare, ni hewa iliyonaswa metali ikimiminwa. Sarafu iliyogongwa kiwandani huwa na sehemu tambarare laini hata ikiwa imechoka.

Kuhusu mlio, watu wengi huuamini kupita kiasi. Ni kweli kwamba fedha ikisawazishwa kwenye ncha ya kidole na kugongwa hutoa sauti nyembamba inayokawia, lakini sarafu halali yenye ufa au lehemu hulia kwa uziwi vilevile. Mlio mbaya ni sababu ya kuchunguza zaidi, si hukumu. Sumaku ni ya kuaminika zaidi kwa upande mmoja tu: sarafu inayovutwa si ya fedha. Rupia ya mwaka 1947 yenye simbamarara, ambayo ni ya nikeli, huvutwa, na watu huichanganya na ndugu zake wa fedha kwa sababu ya ukubwa na rangi.

Wekundu au umanjano kwenye sehemu zilizoinuka

Hapa ndipo sarafu halali zinapokataliwa bure. Mtu anaona shilingi ya mwaka 1925 yenye simba mwenye mgongo wa rangi ya shaba, na mara moja anatamka kwamba imepakwa fedha juu juu. Shilingi hizo zina robo tu ya fedha, na kiwandani vipande vyake huoshwa kwa tindikali kabla ya kugongwa ili shaba ya juu iondoke na ibaki ngozi nyeupe. Ngozi hiyo ikiisha kwa kushikwashikwa, rangi halisi ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, hujitokeza kwanza mahali panapoguswa zaidi, yaani shavu la mfalme na mgongo wa simba. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Shilingi chakavu ya kipindi hicho iliyobaki nyeupe kila mahali inastahili maswali zaidi kuliko ile yenye wekundu.

Kwenye rupia na reale hali ni tofauti. Fedha ya sehemu 917 au 833 haibadiliki kuwa nyekundu inapolika, hivyo wekundu juu ya pua ya Malkia Victoria una maana kwamba chini yake kuna shaba. Tazama kwa kioo mpaka uone mpaka wa rangi mbili. Sarafu iliyopakwa huonyesha ngozi inayobanduka au kuvimba kama malengelenge, na mpaka wake ni mkali. Aloi duni inayolika hubadilika rangi polepole bila mstari.

Jambo moja la tahadhari kwa wenye shilingi za Mfalme George wa Sita: kuanzia toleo la 1948 shilingi hiyo ilifuliwa kwa shaba na nikeli, bila fedha kabisa. Mwaka ukiwa umefutika, soma maandishi yanayomzunguka mfalme. Zile za fedha zina kifupisho IND: IMP, cha cheo cha kaizari wa India, na katika zile za baada ya uhuru wa India hakimo.

Mwaka hausomeki

Usikimbilie kukwangua. Zima taa ya juu, lete mwanga wa tochi kutoka pembeni karibu usawa wa meza, na uzungushe sarafu polepole. Tarakimu zilizobaki hutupa kivuli katika pembe fulani tu. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli laini kwa ubapa wake.

Hata mwaka ukikataa, kipindi hujulikana. Rupia yenye VICTORIA QUEEN ni ya 1840 au ya kati ya 1862 na 1876, na yenye VICTORIA EMPRESS ni ya 1877 hadi 1901. Edward wa Saba yumo kichwa wazi bila taji, na George wa Tano ana taji na joho. Rupia ya Wajerumani yenye ngao ya simba na mnazi ni ya kampuni yao, ya 1890 hadi 1902. Isiyo na ngao hiyo, yenye thamani iliyoandikwa ndani ya shada, ni ya serikali, ya 1904 hadi 1914, na herufi A au J huonyesha kama ilifuliwa Berlin au Hamburg. Ile ya Mombasa haihitaji kusomwa mwaka, kwa sababu rupia nzima ya kampuni hiyo ilitolewa kwa mwaka 1888 pekee.

Reale ya Maria Theresa ni kesi ya peke yake, kwa kuwa karibu zote zina mwaka 1780, ambao ni mwaka wa kifo cha malkia huyo na hauonyeshi wakati sarafu ilipofuliwa. Vienna iliendelea kuifua kwa mwaka huohuo kwa ajili ya biashara ya Uhabeshi, Yemen, Omani na pwani yetu, na katika karne ya 20 ilifuliwa pia Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Kwa hiyo anayekuuzia reale kwa hoja ya kwamba ina umri wa miaka zaidi ya 200 amesoma namba tu. Wakusanyaji hutofautisha matoleo kwa vitu vidogo mno, kama vile lulu za kishikizo cha begani, ambazo zinapaswa kuwa tisa, na manyoya ya mkia wa tai. Vitu hivyo ndivyo vinavyofutika kwanza. Reale iliyochakaa kiasi cha kupoteza lulu zake haiwezi kuuzwa kwa haki kama toleo adimu, hata kama kwa kweli ni adimu.

Tundu, lehemu na alama za tindo

Tundu la milimita tatu katika rupia huondoa takribani gramu 0.1 tu ya fedha, lakini huondoa sehemu kubwa ya thamani kwa mkusanyaji anayetaka sarafu kamili. Hata hivyo matundu hayalingani. Tundu la zamani lina kingo zilizolainishwa na uzi au pete, na ndani yake rangi imekuwa sawa na ya nje. Tundu jipya lina kingo kali na ndani hung'aa. Tundu la zamani, hasa kwenye sarafu iliyobaki pamoja na mkufu wake, ni sehemu ya historia ya kitu hicho, na naona ni makosa kuing'oa sarafu kutoka mkufu mzima wa fedha ili kuiuza peke yake. Mkufu ukikamilika huuzwa kama pambo, na pambo lina wanunuzi wake.

Lehemu inahitaji jicho la karibu zaidi. Chukua rupia ya kampuni ya Kijerumani: Kaizari Wilhelm wa Pili anatazama kushoto akiwa na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Aliyetengeneza pambo alitaka kichwa kining'inie wima, hivyo pete iliunganishwa ukingoni, juu kabisa ya tai. Pete ikiondolewa baadaye na mahali pake pakapigwa tupa, mabaki ni haya: ukingo usio na meno kwa upana wa milimita tano au sita, rangi ya kijivu iliyofifia kuliko fedha inayoizunguka, na maandishi ya karibu yaliyolainika kwa moto. Upande wa pili, mahali palepale kwa nyuma, moto huacha wingu la rangi hata pale ambapo lehemu haikufika. Muuzaji anaposema ni uchakavu tu, muulize kwa nini uchakavu umekula mahali pamoja na kuacha meno mengine yote.

Tundu lililozibwa hutambulika kwa mwanga wa pembeni, ambapo duara la kizibo huonekana kama mstari wa nywele, na herufi inayopita juu yake huwa imechongwa kwa mkono, nene au nyembamba kuliko jirani zake.

Alama za tindo na mihuri midogo ziliwekwa na wabadilisha fedha na masonara waliotaka kuona ndani ya sarafu au kuthibitisha kwamba wameipitisha. Zina faida moja kwako: kata ya tindo ni dirisha. Ndani pakiwa peupe kama nje, metali ni moja. Kwenye reale huonekana pia muhuri wa Kiarabu wa Hijazi au Najdi, na hapo bei hupanda kwenye maneno ya muuzaji kabla ya kupanda popote pengine, kwa maana mihuri ya kughushi ya aina hiyo ni mingi. Muhuri uliogongwa zamani umechakaa pamoja na uso uliopo. Ukiwa mkali juu ya uso uliolainika, umekuja baadaye.

Inang'aa kupita umri wake

Ndimu na majivu, ukwaju, dawa ya meno, au magadi na karatasi ya aluminiamu: kila nyumba ina njia yake. Zote huondoa weusi, na zile za kusugua huacha mikwaruzo midogo isiyohesabika inayoelekea upande mmoja, ambayo huonekana ukiizungusha sarafu chini ya taa. Mng'ao wa kiwandani huzunguka kama mishale ya mwanga kutoka katikati. Mng'ao wa kusuguliwa hukaa palepale, tena ni mweupe usio na uhai. Kwa maoni yangu hakuna tendo linalopoteza pesa nyingi kwa muda mfupi kama hili, kwa sababu haliwezi kutenduliwa, na mnunuzi makini afadhali achukue sarafu nyeusi yenye tundu kuliko sarafu nzima iliyosuguliwa kwa majivu. Mara nyingine muuzaji huigundua hasara hiyo na kuipaka weusi wa bandia. Huo hujikusanya kwenye mashimo ya herufi kwa usawa wa kutiliwa shaka na huacha rangi kwenye pamba.

Weusi, ukijani na ganda

Weusi wa kawaida ni salfaidi ya fedha inayotokana na hewa, jasho na moshi. Hauli sarafu kwa namna ya kutisha. Uache.

Ukijani hutokana na shaba iliyomo ndani ya aloi, hivyo huonekana zaidi kwenye shilingi na kwenye matundu. Ukijani unaonata, unaokuja kwa sarafu zilizohifadhiwa katika vifuko laini vya plastiki, ni wa plastiki yenyewe kuoza. Unaondolewa kwa kulowesha sarafu katika asetoni safi bila kusugua, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha sarafu ihamishiwe kwenye karatasi au plastiki ngumu.

Ganda la kijivu au zambarau kwenye sarafu iliyotoka baharini au mchangani ni kloridi ya fedha. Chini yake metali inaweza kuwa imekuwa dhaifu na kuvunjika kama kigae. Kwa sarafu kama hiyo uzito hauna maana, kwa kuwa ganda limeongeza kitu ambacho si fedha, na kipimo cha maji nacho kitadanganya.

Sonara ametaja bei ndogo

Hesabu yake ni ya metali, na unaweza kuifanya mwenyewe. Zidisha uzito halisi kwa kiwango cha fedha: rupia ya gramu 11.3 ina takribani gramu 10.4 za fedha safi, reale ya gramu 27.8 ina takribani 23.2, na shilingi ya gramu 7.6 ina 1.9 tu. Bei ya soko la dunia hutolewa kwa aunsi ya gramu 31.1, hivyo igawanye kwanza. Sonara atatoa pungufu ya hapo, kwa sababu atalipia moto, upungufu wa kuyeyusha na faida yake, na hilo si wizi. Kwa reale ya kawaida iliyochakaa na kwa rupia za India za miaka ya kawaida, bei ya metali ndiyo karibu bei yote. Kwa shilingi chakavu, hata metali ni kidogo.

Penye haja ya kusita ni rupia ya Mombasa, sarafu ya Wajerumani yenye thamani ya rupia mbili ya 1893 na 1894, na reale ya Zanzibar ya Sultani Barghash yenye mwaka wa Hijria 1299. Hizo hazipaswi kufika kwenye moto hata zikiwa zimetobolewa, kwa sababu wanaozitafuta hukubali kasoro ambazo wangezikataa kwenye rupia ya kawaida. Pigia picha pande zote mbili na ukingo, pamoja na namba za mizani, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote.

Kipande chembamba kisicho na mwaka

Hutokea mtu akaleta kipande kidogo cha fedha chenye ukubwa wa ukucha, maandishi ya Kiarabu yaliyofutika nusu, bila mwaka, bila sura ya mtu. Mizani na orodha za rupia hazitasaidia hapa. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha za aina hiyo pamoja na dinari chache za dhahabu, nazo hubeba majina ya watawala wa kienyeji kama Ali bin al-Hasan. Kuchakaa kwake, kukatika kwake na hata udongo ulioshikamana nayo ni ushahidi, kwa hiyo isioshwe wala isipimwe kwa maji. Andika mahali hasa ilipookotwa na vilivyokuwa karibu nayo. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa masalia yanayolindwa, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006; kipande cha namna hiyo kipelekwe kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya karibu.